Mpunga Uliostawi Kando ya Mto Jinzu

Wakulima wa mpunga kando ya Mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, walijua mapema kwamba maji yao yana kasoro. Pale mfereji ulipoingilia jaruba, mpunga ulidumaa. Mizizi ilikuwa mifupi, majani yalipauka, machipukizi yalikuwa haba na masuke yalijaa mapepe. Wengine walichimba vishimo kwenye mlango wa maji ili tope litue humo kabla maji hayajasambaa. Hatua kadhaa mbele, mpunga ulikuwa wa kijani na ulizaa vizuri tu. Huo ndio waliovuna, wakakoboa na kupika wali.

Mtoni juu, mahali paitwapo Kamioka, palikuwa na mgodi wa zinki na risasi. Mawe yenye zinki huwa na kadimiamu pia, metali yenye sumu, na kwa miaka mingi kadimiamu hiyo ilimwagwa pamoja na taka nyingine. Iliteremka na maji hadi majarubani. Kadimiamu haiozi wala haichakai. Ikishaingia kwenye udongo wa shamba, inakaa. Kati ya waliokula wali wa hapo, walioumia zaidi ni wanawake wa makamo na wazee, wengi wao wakiwa wamezaa mara kadhaa. Figo ziliharibika kwanza, zikashindwa kuzuia kalisi na fosfati zisipotee kwenye mkojo, kisha mifupa ikalainika hadi kikohozi tu kikatosha kuvunja ubavu. Watu waliuita ugonjwa huo itai-itai, kwa kilio cha wagonjwa wenyewe.

Daktari wa hapohapo, Noboru Hagino, ndiye aliyeng'ang'ana na swali la chanzo wakati wengi waliridhika kusema ni lishe duni. Mwanakemia Jun Kobayashi wa Chuo Kikuu cha Okayama alipima sampuli akakuta kadimiamu. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba kadimiamu ya mgodini ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Ikabidi udongo wa zaidi ya hekta 800 ufukiwe au ufunikwe kwa udongo safi, kazi iliyokamilika mwaka 2012.

Kwa nini mpunga ule wa kijani haukumwonya mtu? Hapo ndipo sayansi ya miaka ya karibuni ilipotufungua macho, na kwangu mimi jibu lake linamhusu kila anayekula nafaka.

Kwenye seli za mzizi kuna protini zinazofanya kazi ya milango: huu wa chuma, ule wa zinki, mwingine wa manganisi. Mlango haujui jina la kinachopita. Unachotambua ni chaji ya umeme na ukubwa. Kadimiamu ina chaji sawa na ya madini hayo, na ukubwa wake unakaribiana na wa manganisi na kalisi, basi inapita. Mwaka 2012 makundi ya watafiti wa Japani yalionyesha kwamba mlango mkuu wa kadimiamu katika mpunga ni ule uitwao OsNramp5, ambao kazi yake halisi ni kuingiza manganisi.

Kadimiamu ikiwa nyingi, madhara yanaonekana. Vimeng'enya vya kuvunja wanga ndani ya mbegu inayoota vinalegea, mche unatoka dhaifu. Seli za ncha ya mzizi zinaacha kugawanyika, na jani linakosa chuma cha kutengenezea umbijani. Lakini ikiwa ya wastani, mpunga una namna ya kujikinga: hufungia kadimiamu nyingi kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli za mizizi, na inayobaki hupanda polepole hadi kwenye punje. Mmea unavumilia kiasi ambacho figo ya mtu haikivumilii, kwa sababu figo huweka akiba ya kadimiamu kwa miaka 10 hadi 30 kabla nusu yake haijatoka. Kwa hiyo jicho la mkulima, hata mzoefu, halitoshi hapa. Lazima udongo na punje vipimwe. Kikomo cha kimataifa kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.4 kwa kilo.

Tiba ya shambani ipo, ila ina mtego. Jaruba likiwa limejaa maji, hewa inakosekana udongoni na kadimiamu hushikana na salfa, isiweze kunyonywa. Ndiyo maana Wajapani katika maeneo yaliyochafuliwa huhimizwa wasikaushe jaruba kwa wiki 3 kabla na wiki 3 baada ya masuke kutoka. Tatizo ni sumu nyingine, aseniki. Yenyewe hufunguka pale pale maji yanapotuama, kisha huingia mzizini kupitia mlango wa silika. Ukikausha unakaribisha kadimiamu, ukifurisha unakaribisha aseniki. Ndipo mtafiti Satoru Ishikawa na wenzake walipopiga mbegu za Koshihikari, mpunga upendwao sana Japani, kwa miale ya ioni za kaboni, wakachuja maelfu ya mimea hadi wakapata michache ambayo mlango wa OsNramp5 umeharibika. Punje zake karibu hazina kadimiamu hata kwenye shamba chafu. Gharama yake ni kwamba mpunga huo hupata manganisi kidogo, na kwenye udongo usio na manganisi ya kutosha hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa ya kahawia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalima na kula mpunga, na tuna migodi, mitambo ya kuyeyusha betri kuukuu na mbolea za fosfati, ambazo nyingi huja na kadimiamu kidogo. Udongo wenye tindikali huiachia zaidi. Chokaa huipunguza makali. Mahindi kwa kawaida hupeleka kadimiamu kidogo kwenye punje kuliko mpunga au ngano, jambo la kukumbuka kwa anayelima karibu na mgodi.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila kliniki ya wajawazito ilijue. Kwenye utumbo wa binadamu kuna mlango wa chuma ambao ni wa ukoo uleule wa protini kama OsNramp5 ya mzizi wa mpunga, nao pia hupitisha kadimiamu. Mwili ukipungukiwa chuma, huongeza milango hiyo. Mama mwenye upungufu wa damu, akila sahani ileile ya wali na mumewe, hufyonza kadimiamu nyingi kuliko mume huyo, na hali hiyo inasaidia kueleza kwa nini kule Toyama mzigo uliwaangukia wanawake waliokuwa wamezaa. Vidonge vya chuma anavyopewa mjamzito, pamoja na maharage na dagaa kwenye sahani yake, hupunguza idadi ya milango iliyo wazi.