Tembo Tamu, Tembo Kali na Siki

Msomaji wa pwani huenda akashangaa kumwona mtu aliyelelewa chuoni, kwa ubao na juzuu, akiandika habari za tembo. Asistaajabu. Ulevi sitausifu. Lakini kinywaji hiki cheupe kimo katika methali zetu, kimo katika mahari ya majirani zetu Wamijikenda na, tusifichane, kimepita katika vyungu vya mama zetu.

Makao yake hasa ni vile vilima vya nyuma ya Mombasa na Kilifi: Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi, mpaka Kaloleni. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Hulifunga karara kabla halijapasuka, akalichonga ncha kidogo kidogo kila apandapo, na utomvu ukadondoka kibuyuni. Karara ligemwalo halitoi nazi, kwa hiyo mwenye shamba hana budi kuchagua upi mti wa nazi na upi wa tembo.

Ukishuka mtini, utomvu huo ni mtamu kama maji ya miwa. Sukari yake hufika asilimia 12 hata 15. Chachu iliyo hewani na kibuyuni huanza kazi papo hapo. Ikifika jioni tembo limekwisha kuwa kali, kileo chake kama asilimia 4 au 5, na likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Mti ni mmoja, na hukumu ni tatu: tamu ni halali, kali ni haramu, na siki ni halali tena.

Ni halali, lakini kwa sharti. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafii tumefundishwa kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe hutahirika. Kikigeuzwa kwa kutiwa kitu, kama mkate au kitunguu, hakitahiriki. Hapo ndipo ninapowauliza mabibi wa nyumba: hiyo siki ya pilipili iliyo mezani, pilipili zilitiwa lini? Ikiwa zilitiwa tembo lingali kali, jambo hilo si dogo. Na lisubiriwe limalize safari yake, kisha zitiwe. Tena si neno kukihamisha chombo kutoka juani hadi kivulini.

David Parkin, mtaalamu wa Kiingereza, alitoa kitabu mwaka 1972 juu ya Wagiriama wa upande wa Kaloleni. Alieleza kuwa baadhi ya waliokuwa wakinunua minazi na mashamba walipandwa na pepo wa Kiislamu, wakasilimu, wakaacha tembo na kula na wasiokuwa Waislamu. Huko tembo ndilo lililowakutanisha watu, arusini na matangani, na aliyeliacha alijiondoa pia katika gharama za ukarimu. Sina uwezo wa kupima imani ya mtu, ila nadhani wengi wetu tulimpokea ndugu mpya msikitini bila kumuuliza alichokiacha nyuma.

Turudi jikoni. Tembo lililoshuka asubuhi ile ile, lingali tamu, ndilo lililoumua unga wa mchele wa vitumbua na mkate wa kumimina kabla ya hamira ya dukani kuenea. Wenzetu wa ng'ambo ya bahari, Goa na Kerala, nao huumua sanna na appam kwa tembo la mnazi. Ladha yake ina uchachu mwembamba ambao hamira haiujui.

Na siki je? Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Siki ya mnazi ni laini kuliko ile kali ya chupa za madukani; haimfichi samaki. Inyunyize juu ya changu wa kukaanga akingali moto, au juu ya pweza aliyechemshwa akalainika. Katika kachumbari itie mwishoni, watu wamekwisha kukaa mkekani, ama sivyo vitunguu vitalegea.