Fahamu: Mak Yong, ngoma ya maigizo inayopigania uhai Malaysia

Mak Yong ni nini?

Ni maigizo ya kale ya Wamalei yanayounganisha ngoma, nyimbo, mazungumzo ya papo kwa papo na vichekesho. Inaaminika kuwa chimbuko lake ni vijiji vya jimbo la Kelantan, kaskazini mashariki mwa Malaysia. Waigizaji wengi ni wanawake. Hata mfalme, Pak Yong, kwa kawaida huigizwa na mwanamke.

Huchezwaje?

Mchezo hufunguliwa na Menghadap Rebab. Wachezaji huketi chini wakimwelekea mpiga rebab, ala ya nyuzi 3 inayopigwa kwa upinde, kisha mikono na viwiliwili vyao huanza kusogea taratibu kabla hawajainuka. Ngoma za gendang na patu kubwa za shaba, tetawak, hushika mapigo. Menghadap Rebab ni sehemu ngumu, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Kwa nini ilififia?

Mafunzo huchukua miaka, na vijana wachache huvumilia. Aidha, Mak Yong ilitumika pia kwenye matambiko ya uganga. Mwaka 1991 serikali ya Kelantan, chini ya chama cha Kiislamu cha PAS, ilipiga marufuku maonyesho yake ya hadharani kwa sababu za kidini.

Inafufuliwaje?

UNESCO iliitambua mwaka 2005. Chuo cha sanaa cha ASWARA, Kuala Lumpur, huifundisha. Mwaka 2019 Kelantan iliondoa marufuku, kwa sharti la kufuata sheria ya Kiislamu. Wasanii bado wana hoja nzito: sharti hilo likiwaondoa wanawake na tambiko, kitakachobaki si Mak Yong kamili.