Iman: Mchungaji Aliyetungwa

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya Kenya, na wanaolijaza ni wachungaji. Ukimwita mtu wa huko mchungaji hukumtukana. Mtume wetu (S.A.W.) aliwachungia watu wa Makka, na mitume waliomtangulia walichunga vilevile. Basi katika kisa cha Bibi Iman, mchezaji sinema, ninayemlaumu si mchungaji, ni mwongo.

Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, binti wa balozi. Jina lake la kwanza ni Zara. Babu yake ndiye aliyetaka aitwe Iman. Mwaka 1975 alikuwa akisomea siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ndipo Peter Beard, mpiga picha wa Kimarekani, alipomwona njiani. Alikubali kupigwa picha kwa sharti alipiwe karo. Alipofika New York, magazeti yalikwisha kuambiwa kuwa ni mchungaji aliyepatikana porini. Kumbe binti huyo akizungumza lugha tano!

Kwangu mimi, huo ndio mchezo wake wa kwanza, na mtungaji alikuwa mtu mwingine.

Kisha zikaja sinema. Katika The Human Factor (1979) alikuwa mke Mwafrika wa jasusi wa Kiingereza. Katika Out of Africa (1985), iliyopigwa hapa Kenya ikapata tuzo 7 za Oscar, alikuwa Mariammo, Msomali anayeishi na mzungu Berkeley Cole. Mtazamaji humwona kidogo tu, akapita. Katika Star Trek VI (1991) alikuwa kiumbe kinachojigeuza umbo. Sehemu hiyo ilimfaa, kwani wenziwe walikwisha kumgeuza zamani.

Lakini njia ya mwongo fupi. Iman mwenyewe aliueleza ulimwengu ukweli, na mwaka 1994 akaanzisha biashara yake ya vipodozi kwa wanawake wasio weupe.

Tusidhani hayo yamekwisha. Leo Garissa ina chuo kikuu chake, na binti anaweza kukama mbuzi alfajiri, akashika kitabu adhuhuri. Ajapo mgeni na kamera yake, atampiga picha saa ngapi? Akichagua alfajiri peke yake, picha itakuwa ya kweli, na habari itakuwa ya uongo.