Jina Hubadilika, Namba Hubaki: Namna ya Kutambua Akaunti na Ujumbe katika Programu za Mazungumzo

Tuchukue mfano ambao tumeutunga, lakini ambao hautakuwa mgeni kwa wakazi wa Kasansa. Mkulima wa mpunga katika kata hiyo ya Bonde la Rukwa, mkoani Katavi, ni mwanachama wa kundi sogozi la WhatsApp linalowakutanisha wakulima, madalali na wenye mashine za kukoboa. Jioni moja anapokea ujumbe kutoka kwa mtu mwenye jina na picha ya mnunuzi anayemfahamu vizuri, mkazi wa Majimoto. Mtu huyo anaeleza kuwa amebadilisha namba ya simu, kwamba amekwisha kupata lori la kupeleka mzigo Mpanda, na kwamba anaomba shilingi 400,000 za kumtanguliza dereva, ambazo atazirejesha siku ya kupima magunia. Mkulima anaihifadhi namba hiyo mpya kwa jina lilelile la zamani, anatuma fedha, na kesho yake lori halionekani.

Kwa hasira, anapiga picha ya skrini na kuisambaza katika kundi. Picha inaonyesha jina, sura na maneno yaliyoandikwa, lakini haionyeshi namba. Kabla ya adhuhuri, mnunuzi wa Majimoto, ambaye hakuandika neno hata moja, anaitwa mwizi na watu aliofanya nao biashara kwa misimu mingi.

Katika mfano huu, kitu pekee kilichomtenganisha asiye na hatia na mhalifu kilikuwa namba ya simu, na mkulima aliificha mwenyewe bila kujua. Namba ikishahifadhiwa katika simu, WhatsApp huonyesha juu ya mazungumzo jina ambalo mwenye simu ameliandika, wala si namba. Picha ya skrini ya mazungumzo hayo ni ushahidi wa jinsi mlalamikaji alivyomwita mtu huyo. Haielezi ni nani aliyetuma.

Jina, picha na kitambulisho

Kila programu ya mazungumzo ina namna mbili za kumtambua mtumiaji. Ya kwanza ni ile inayoonekana na watu: jina, picha ya wasifu na maneno mafupi ya kujieleza. Hivi vyote huchaguliwa na mtumiaji mwenyewe, huweza kubadilishwa wakati wowote, na huweza kunakiliwa na mtu mwingine kwa muda usiozidi dakika moja. Ya pili ni kitambulisho ambacho mfumo hukitumia kutenganisha akaunti moja na nyingine. Hakuna akaunti mbili zenye kitambulisho kimoja kwa wakati mmoja, hata kama zina jina na picha moja. Ni kama ilivyo katika Kitambulisho cha Taifa: wanaoitwa kwa majina yanayofanana ni wengi, lakini tarakimu 20 za mmoja si tarakimu za mwingine.

Ujumbe nao una utambulisho wake. Ndani ya mfumo, kila ujumbe hupewa alama yake ya pekee ili usichanganywe na mwingine. Baadhi ya programu humwonyesha mtumiaji alama hiyo, na nyingine huificha. Ikifichwa, mtumiaji hubakiwa na njia ya kuueleza ujumbe kwa namba ya mtumaji, tarehe, saa, na mahali ulipotumwa, yaani katika mazungumzo ya watu wawili au katika kundi.

WhatsApp

Akaunti ya WhatsApp hufunguliwa kwa namba ya simu, na namba hiyo ndiyo kitambulisho chenye manufaa kwa mlalamikaji. Ili kuiona, fungua mazungumzo, kisha gusa jina lililo juu ya skrini. Ukurasa wa wasifu utafunguka na namba itaonekana kwa ukamilifu, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Namba ya Tanzania huanza na 255, ikifuatiwa na tarakimu tisa. Namba inayoanza na msimbo mwingine imesajiliwa nje ya nchi, na hilo peke yake ni taarifa ya kuandikwa. Ikiwa ujumbe ulitumwa katika kundi, gusa jina la mtumaji lililo juu ya ujumbe wenyewe ili ufike katika wasifu wake.

Iandike namba hiyo kwenye karatasi, tarakimu zote, pamoja na msimbo wa nchi. Kisha piga picha mbili za skrini: moja ya ukurasa wa wasifu ikionyesha namba, na nyingine ya mazungumzo ikionyesha tarehe na saa. Njia nyingine iliyo rahisi ni kuifuta namba katika orodha ya majina ya simu kabla ya kupiga picha, kwa sababu mazungumzo hubaki palepale na namba huonekana mahali pa jina. Angalia tu usije ukafuta mazungumzo yenyewe.

WhatsApp haimpi mtumiaji alama ya pekee ya ujumbe mmoja mmoja. Kwa hiyo saa ina uzito mkubwa, na hapa tunaomba msomaji awe mwangalifu na jambo ambalo huvuruga maelezo mengi. Simu huandika 21:14, nasi husema saa tatu na dakika kumi na nne usiku. Mlalamikaji akiandika “saa 3:14” bila kufafanua, msomaji wa maelezo hayo anaweza kuelewa usiku wa manane. Andika saa kama ilivyo kwenye simu, kisha ongeza kwa maneno kama ni asubuhi, mchana au usiku. Aidha, usibadilishe mipangilio ya tarehe na saa ya simu yako baada ya tukio.

Programu hiyo ina pia sehemu ya kuhamisha mazungumzo, ambayo hutengeneza faili la maandishi lenye kila ujumbe, tarehe yake na saa yake. Litume katika barua pepe yako mara moja. Lakini fahamu kuwa watu uliowahifadhi huandikwa humo kwa majina uliyowapa, hivyo faili hilo haliondoi haja ya kuiandika namba. Fahamu pia kuwa faili la maandishi huweza kuhaririwa na yeyote, na kwa sababu hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya simu yenye mazungumzo ya asili.

Telegram na Facebook

Telegram ina utaratibu tofauti. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu, lakini mwenye akaunti anaweza kuificha namba hiyo isionekane. Wengi huona jina lianzalo na alama ya @ na kudhani ndilo kitambulisho. Jina hilo ni la pekee kwa wakati husika tu: mwenye nalo anaweza kuliacha leo na kuchukua jingine, na kesho likatumiwa na mtu ambaye hahusiki kabisa. Kitambulisho kisichobadilika ni namba ambayo mfumo huipa akaunti inapofunguliwa, na kwa kawaida namba hiyo haionyeshwi katika wasifu kwenye simu.

Inaweza kupatikana kwa kutumia programu ya Telegram ya kompyuta, ambayo ina sehemu ya kuhamisha historia ya mazungumzo. Ukichagua faili la aina ya JSON, kila ujumbe huandikwa pamoja na namba yake, na mtumaji huandikwa kwa neno “user” likifuatiwa na tarakimu za akaunti yake. Si kila nyumba Kasansa ina kompyuta, nasi tunalifahamu hilo. Asiye na kompyuta aandike jina lenye @ kama lilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe aliyoliona. Zipo pia akaunti za watu binafsi ndani ya Telegram zinazojitangaza kuwa zitakutajia namba ya akaunti ya mtu ukizitumia ujumbe wake. Hatushauri kuzitumia, kwa kuwa hujui ni nani anayepokea unachokituma.

Katika chaneli na makundi makubwa ya Telegram, ujumbe una alama inayoonekana. Gusa ujumbe, kisha chagua kunakili kiungo chake. Kiungo cha chaneli ya wazi huanza na t.me, hufuatiwa na jina la chaneli, na huishia kwa tarakimu, kwa mfano 4821. Tarakimu hizo ndizo namba ya ujumbe huo. Kiungo cha kundi lililofungwa huwa na herufi c, kisha namba ya kundi, kisha namba ya ujumbe. Mazungumzo ya watu wawili hayana kiungo cha namna hii.

Jambo la kuzingatia zaidi ni muda. Katika mazungumzo ya Telegram ya watu wawili, upande wowote unaweza kufuta ujumbe kwa pande zote mbili, wakati wowote, hata ujumbe ulioandikwa na mwenzake. Katika WhatsApp mtumaji ana takriban siku mbili za kufuta ujumbe kwa wote, na dakika 15 za kuuhariri. Anayesubiri ushauri wa ndugu hadi mwisho wa wiki anaweza kukuta skrini tupu.

Kwa Facebook na Messenger, nakili kiungo cha wasifu wa mhusika badala ya jina lake. Wakati mwingine kiungo hicho huwa na neno “id” likifuatiwa na tarakimu ndefu, na tarakimu hizo hubaki zilezile hata mhusika akibadilisha jina.

Kwa nini hili lina uzito mbele ya sheria

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kuwa ushahidi. Katika kuupima, kifungu cha 18 kinaelekeza kuangalia, pamoja na mambo mengine, kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuuhifadhi ni ya kuaminika, kama ujumbe umebaki bila kuchezewa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Picha ya skrini yenye jina na sura pekee haijibu swali hili la mwisho.

Hata hivyo, namba nayo ina mipaka yake. WhatsApp huthibitisha namba mara moja wakati wa kufungua akaunti, kwa msimbo wa tarakimu sita. Baada ya hapo laini inaweza kuondolewa katika simu na akaunti ikaendelea kufanya kazi. Mtu aliyelaghaiwa akatoa msimbo huo huporwa akaunti yake, na namba yake ikatumika kuwaibia wengine. Vilevile laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, na ndiyo sababu tunamhimiza kila mtumiaji apige *106# mara kwa mara kukagua namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Kwa hiyo kitambulisho huonyesha akaunti iliyotumika. Kumpata mtu aliyekuwa nyuma yake ni kazi ya Jeshi la Polisi, ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalipa uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa wanaozihifadhi. Kuisambaza namba katika makundi ili watu wamsake mhusika ni kurudia kosa lililomkuta mnunuzi wa Majimoto.

Utaratibu wa kufuata

Fedha zikiwa zimetumwa, anza na fedha. Piga simu kwa mtoa huduma wako wa fedha papo hapo, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo katika ujumbe wa uthibitisho, kwa kuwa kila dakika inayopita humpa mhalifu nafasi ya kuzitoa. Angalia pia kama namba iliyopokea fedha ndiyo iliyokuandikia. Zikiwa mbili, andika zote mbili, pamoja na jina la mpokeaji lililoonekana wakati wa kutuma. Katika mfano wetu, mkulima angelisoma jina hilo kabla ya kuthibitisha, pengine angesita.

Kisha andika vitambulisho na kupiga picha kama tulivyoeleza. Baada ya hapo ndipo utoe taarifa ndani ya programu na kumzuia mhusika, wala si kabla. Ukitoa taarifa kupitia WhatsApp, kampuni hupokea hadi jumbe tano za mwisho ulizotumiwa na akaunti hiyo, pamoja na kitambulisho chake. Skrini hiyohiyo inaweza kukupa chaguo la kufuta mazungumzo kwenye simu yako. Usilikubali.

Namba iliyokuletea ujumbe mfupi wa kitapeli itolee taarifa kwa kuutuma ujumbe huo kwenda 15040, huduma ambayo hutozwi. Utajibiwa na kutakiwa kuandika namba iliyoutuma. Utaratibu huu unafanya kazi kwa namba ya simu pekee, hivyo anayekumbuka jina tu hataweza kuukamilisha.

Mwisho, nenda kituo cha polisi ukiwa na karatasi yako na simu yenyewe, na uhakikishe unapewa namba ya RB. Usiuze simu hiyo, usiirejeshe katika hali ya kiwandani wala kuondoa programu hadi shauri lishughulikiwe. Ikiwa ni lazima kubadilisha simu, mweleze kwanza askari anayepeleleza shauri lako.