Kushindwa Mara Tatu kwa Joe Louis

Wengi wenu mmekwisha kusikia jina la Joe Louis, yule mtu Mweusi wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi kwa watu wa uzito mkubwa tangu mwaka 1937 hata 1949. Katika muda huo aliutetea ubingwa wake mara 25, na mara zote 25 akashinda. Wala hapana bingwa mwingine wa uzito ule aliyeifikia hesabu hiyo hata leo. Lakini habari za kushinda kwake zimesimuliwa sana. Leo twataka kueleza jinsi alivyoshindwa. Katika mapigano yake yote ya kulipwa alishindwa mara tatu tu, na kila mara kwa sababu yake.

Kwa wale wasiopata kuuona mchezo huu, yafaa tueleze kidogo desturi yake. Watu wawili waliovaa mifuko ya ngozi mikononi huingia ulingoni, yaani jukwaa la mraba lililozungushwa kamba. Hupigana kwa duru. Kila duru ni dakika tatu, kisha hupumzika dakika moja. Mtu akiangushwa, mwamuzi huhesabu moja mpaka kumi, na asipoinuka amekwisha kushindwa. Wote wawili wakifika duru ya mwisho wangali wamesimama, waamuzi huhesabu ni nani aliyepata alama nyingi zaidi.

Joe Louis alizaliwa katika jimbo la Alabama mwaka 1914, katika jamaa ya wakulima maskini wa pamba, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi jamaa yake wakahamia mji wa Detroit. Alianza kupigana kwa mshahara mwaka 1934. Mwalimu wake, Jack Blackburn, alikuwa mpigana ngumi wa zamani, naye alimfundisha vema. Kwa muda wa miaka miwili hapana aliyeweza kumshinda, na wengi hawakudumu naye duru nne.

Ndipo alipokutana na Max Schmeling, Mdachi aliyepata kuwa bingwa tangu 1930 hata 1932. Watu walimdhania kuwa amekwisha, maana umri wake ulikuwa miaka 30. Walakini Schmeling alikuwa mtu wa akili. Mwezi wa Desemba 1935 alikwenda New York, akaketi miongoni mwa watazamaji, akamwangalia Louis akipigana na Mhispania Paulino Uzcudun. Tena alizitazama picha za sinema za mapigano yake, akizirudia. Akaona kosa moja dogo. Louis alikuwa na konde la kushoto la kunyoosha, jepesi na kali sana; lakini akisha kulipiga, mkono haukurudi juu mahali pake penye kuukinga uso, bali ulishuka chini kidogo ndipo urudi. Kwa nukta ile moja upande wa kushoto wa taya yake ulikuwa wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Joe Louis naye hakujiweka tayari kama ilivyompasa. Siku zile alikuwa ameanza kuupenda mchezo wa gofu, akautolea saa nyingi za mazoezi yake, na mwalimu wake hakupendezwa na jambo hilo. Hatusemi kwamba gofu ni mchezo mbaya. Lakini haumfundishi mtu kuinua mkono wake wa kushoto.

Walipigana New York tarehe 19 Juni 1936, mbele ya watu karibu 40,000. Schmeling alingoja. Kila mkono wa kushoto ulipotoka na kushuka, alipeleka konde la kulia juu yake. Katika duru ya nne Louis akaanguka. Ndiyo mara ya kwanza kuangushwa tangu aanze kazi ile. Akainuka, lakini tangu hapo alipigana kama mtu aliye usingizini, na kosa lile akaendelea kulifanya, maana mwili hautupi mazoea yake kwa saa moja. Katika duru ya kumi na mbili alianguka asiinuke mpaka kumi ikatimia. Huko Harlem, mtaa wa watu Weusi wa New York, watu wazima walilia njiani.

Mwaka uliofuata Louis alimpiga James Braddock mjini Chicago akautwaa ubingwa, lakini mwenyewe alisema hatajihesabu kuwa bingwa mpaka amshinde Schmeling. Tarehe 22 Juni 1938 walikutana tena, mbele ya watu kama 70,000. Serikali ya Hitler ilikuwa imemfanya Schmeling kuwa mfano wa fahari yake, ingawa yeye hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na meneja wake alikuwa Myahudi. Mambo yakaisha kwa dakika mbili na nukta nne.

Kushindwa kwa pili kuna sababu nyingine kabisa. Louis aliuacha ubingwa mwezi wa Machi 1949, naye hajashindwa. Angalistarehe, lakini alikuwa na deni kubwa la kodi ya Serikali. Wakati wa vita, mwaka 1942, alipigana mara mbili akatoa malipo yake kuwasaidia wanamaji na askari, na mwaka huo huo akaingia jeshini. Hata hivyo fedha zile zilihesabiwa kuwa pato lake, zikatozwa kodi. Tena alikuwa mkarimu kupita kiasi, na hesabu zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Basi akarudi ulingoni kutafuta fedha, na tarehe 27 Septemba 1950 akapigana na Ezzard Charles. Louis alikuwa na umri wa miaka 36 na uzito wa ratili 218. Charles alikuwa mwepesi kwa ratili zaidi ya thelathini. Walipigana duru zote 15. Louis aliziona nafasi, lakini mkono ulifika nafasi ikiwa imekwisha kupita. Waamuzi wote watatu wakampa Charles ushindi.

Deni halikupungua, naye hakuacha. Tarehe 26 Oktoba 1951 akakutana na kijana Rocky Marciano, ambaye baadaye aliacha ngumi baada ya mapigano 49 bila kushindwa hata mara moja. Katika duru ya nane Marciano alimwangusha kwa mkono wa kushoto, Louis akainuka. Kisha kwa mkono wa kulia akamtupa katikati ya kamba hata nje ya ulingo. Mwamuzi hakuona haja ya kuhesabu mpaka kumi.

Hakupigana tena kwa kushindania cheo, bali alipata kufanya mieleka ya kulipwa, na baadaye akaajiriwa kuwakaribisha wageni katika hoteli moja ya Las Vegas. Mwaka 1954 Schmeling alikwenda Chicago kumtafuta, wakawa rafiki tangu siku hiyo. Louis alipofariki tarehe 12 Aprili 1981 alizikwa Arlington, katika makaburi ya askari, na Schmeling alikuwa mmoja wa waliochanga gharama za maziko.