Nilivyonunua Alfa Romeo ya mwaka 1971: kabla hujatoa hela, piga magoti

Kuna kijana kaniuliza hivi: "Kaka, hizo gari za Kitaliano za zamani tunazoziona kwenye picha, mtu wa kawaida anaweza kununua kweli, au ni za mabilionea tu?" Jibu fupi ni ndiyo, anaweza. Jibu refu ndilo hili, na ndani yake kuna bati za nyumba ya mama yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nafanya kazi kwenye gereji ya bodi nje kidogo ya Milano. Kunyoosha, kukata, kuchomelea, ndiyo mkate wangu. Mwaka 2016 nilikuwa na akiba ya euro 11,000. Sehemu kubwa ya hiyo hela nilishaisemea: nilimwahidi mama kwamba kabla ya masika ya 2017 nyumba yake kule Tanga itakuwa imepauliwa. Kuta zilishasimama, bado bati tu. Halafu jioni moja nikaona tangazo.

Gari lenyewe ni Alfa Romeo GT 1300 Junior. Kwanza tuelewane kuhusu hizo herufi GT. Ukiziona nyuma ya Starlet ya mtaani kwenu unadhani maana yake ni mbio. Asili yake ni maneno ya Kitaliano, gran turismo, yaani safari kubwa. Ni gari la watu wawili na mizigo yao, linaloweza kutoka mji mmoja hadi mji wa mbali kwa kasi bila kuwavunja migongo. Wataliano walikuwa na GT za matajiri kama Ferrari na Maserati, lakini Alfa Romeo wao walitengeneza za watu wenye mshahara. Umbo hili lilitoka mwaka 1963 kwa jina la Giulia Sprint GT, likiwa limechorwa na Giorgetto Giugiaro alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu pale kwa Bertone. Mwaka 1966 wakatoa Junior, yenye injini ndogo ya cc 1,290 na bei nafuu zaidi. Udogo wa injini usikudanganye. Ni ya alumini, ina shafti mbili za kamu juu, kabureta mbili zenye makoo mawili mawili, maana yake kila silinda ina koo lake. Gia tano, breki za diski magurudumu yote manne. Kwa mwaka 1966 hiyo ilikuwa si mchezo.

Basi nikaenda kuliona. Jekundu, linang'aa kama tufaha. Muuzaji akaniambia lilikuwa la bibi mmoja aliyeliendesha kwenda kanisani tu. (Mkisikia hadithi ya bibi wa kanisani, shikeni pochi zenu.) Akawasha injini, ikaguruma vizuri mno, na mimi mwenye ujuzi wangu wote wa bodi nikasimama pale nasikiliza muziki. Bei euro 8,500. Nikalipa. Ndugu zangu, niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nilikuwa nimeshika mimi.

Jumatatu nikalipeleka gereji. Kuna mzee mmoja pale, fundi bodi tangu enzi hizo magari haya yakiwa mapya. Hakufungua hata boneti. Akapiga magoti, akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha chini ya mlango. Sumaku ikaanguka. Akaipitisha nyuma ya gurudumu la mbele. Ikaanguka tena. Akaniangalia akasema: "Kijana, umenunua puti."

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Magari ya aina hii hayana chesesi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesesi. Kinacholibeba gari ni lile boksi la bati linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, mimi naliita kizingiti. Kwenye Alfa hii kizingiti kina kuta tatu: ya nje, ya katikati na ya ndani. Maji yakiingia yanakaa humo humo, na Italia ya kaskazini wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini kwenye bati. Ukuta wa nje unaweza kuonekana mzima kabisa kumbe wa katikati umeshageuka majani ya chai. Mjanja anaweka kiraka, anapaka puti, anapiga rangi nyekundu, gari linauzika wikiendi moja.

Sehemu nyingine za kutazama: pale pa kuwekea jeki, sakafu chini ya mazulia (yanyanyue, usione haya), shimo la tairi ya spea ndani ya buti, ukingo wa chini wa kioo cha mbele, na lile bati la mbele chini ya radieta. Sumaku ifungwe kitambaa isikwaruze rangi. Pasiposhika, pana puti. Na hii inafaa hata kwa hiyo Vitz unayotaka kununua kwa jamaa wa mtaa wa pili, si lazima iwe ya Kitaliano.

Injini? Injini si tatizo kubwa, nitawaeleza kwa nini. Silinda za Alfa hizi ni mikebe inayochomoka, imezungukwa na maji. Zikichakaa unanunua seti ya mikebe na pistoni, unabadilisha. Cha kuangalia ni gasketi ya kichwa, ina vipete vidogo vya mpira kwenye njia za oili. Vikizeeka, oili na maji vinakutana. Fungua kifuniko cha oili, ukiona kitu kama maziwa ya chai, ujue kazi ipo. Ukinyanyua kichwa, hakikisha umeibana ile mikebe isicheze, la sivyo maji yanashuka kwenye oili na umejitengenezea kazi ya pili. Kuhusu giaboksi, ugonjwa wake unajulikana: gia ya pili. Ikiwa ya baridi, toa ya tatu weka ya pili, inakwaruza. Karibu zote zinafanya hivyo, tumia hiyo kupunguza bei.

Sasa kosa langu la pili, na hili silisingizii muuzaji. Nilianza kukata kizingiti cha kushoto Jumamosi moja mzee hayupo. Nikakata kuta zote tatu kwa mkupuo, gari likiwa juu ya stendi, bila kulifunga mabomba ndani. Nilipojaribu kufunga mlango, haukufunga. Bodi ilishajikunja kama kitabu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji nikafikiria bati za mama.

Mzee aliporudi hakunigombeza, ambayo ni mbaya zaidi. Tulitumia Jumamosi tano kulirudisha. Utaratibu ni huu: kabla hujakata chochote, chomelea mabomba ndani ya uwazi wa mlango na kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, ili bodi isiende popote. Unakata upande mmoja kwanza, unaumaliza, ndiyo unahamia mwingine. Na mlango haubaki umefunguliwa stoo. Kila hatua unaupachika, unaufunga, unapima uwazi pande zote. Mlango ndiyo rula yako.

Tulipokwangua dashibodi kwa ndani tukakuta rangi ya manjano iliyokolea, kama bizari. Yule bibi wa kanisani hajawahi kuwa na gari jekundu. Alfa Romeo wana idara ya kumbukumbu pale Arese, ukiwapelekea namba ya chesesi na kulipa ada wanakupa barua ya gari lako lilitengenezwa lini na lilikuwa rangi gani. Ikarudi: manjano. Tukaliacha liwe manjano.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Injini za Alfa zimegongwa namba ya aina kwenye bloku. Ya Junior 1300 huanza na AR00530. Yangu ilisomeka AR00548, yaani ya 1750. Mtu aliwahi kuibadilisha akaweka kubwa zaidi. Ndiyo maana iliguruma vile! Mtaani hiyo ni sifa, lakini kadi ya gari ya huku inataja aina ya injini, na isipolingana unatafuta matatizo siku ya ukaguzi na siku ya ajali kwa watu wa bima. Bahati yangu nikapata jamaa anayetafuta 1750 kwa udi na uvumba, tukabadilishana na 00530 iliyochoka. Ikawa ya aina sahihi, ila si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Na mama? Masika ya 2017 ilimkuta chini ya turubai. Ya 2018 pia, nusu nyumba. Nilipompigia kumweleza aliuliza swali moja: "Kwa hiyo mwanangu, bati zimegeuka gari?" Nikasema ndiyo mama. Akanyamaza, akaniuliza kama nimekula. Sijawahi kusikia aibu kama ile. Nikamwambia likiisha naliuza. Hakunijibu.

Liliisha Mei 2019. Rangi pekee euro 5,000, mabati mapya ya bodi 3,900, injini na giaboksi 3,400, na yaliyobaki viti, breki, mipira ya milango na kung'arisha bampa. Jumla ya matengenezo 17,200, na hiyo ni bila kulipa fundi, maana fundi ni mimi. Ukijumlisha na bei ya kununua ni 25,700.

Alikuja mnunuzi mmoja, mtu mzima, akaleta na mke wake. Wengi walinishauri nisitaje habari ya injini wala ya bodi kujikunja, rangi mpya inaficha kila kitu. Nikafikiria ile sumaku inayoanguka. Nikamwekea mezani faili la picha zote: matundu ya kutu, mabomba, mlango usiofunga, namba za injini ya zamani na mpya. Alizitazama kama saa nzima. Alikuja na ofa ya 30,000, akapunguza 3,000 kwa sababu ya injini. Tukapeana mikono kwa 27,000.

Faida euro 1,300. Kwenye daftari langu kuna Jumamosi 148. Gawanyeni wenyewe, haifiki euro 9 kwa siku, hata chai na mkate vya hapa Milano unabana. Anayewaambia gari la zamani ni biashara ya kutajirika, mwombeni awaonyeshe daftari lake. Bati za mama zilipanda Agosti mwaka huohuo, za rangi ya kijani, kachagua mwenyewe.

Siku ya kulichukua, yule mnunuzi alikaa, akawasha, akatoka taratibu getini. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Akaingia barabarani, akapandisha hadi ya tatu, mbele kuna kona, akarudisha ya pili. Krrr. Taa za breki zikawaka, akatoa kichwa dirishani akinitazama. Nikampigia kelele: "Subiri kwanza ipate moto!"