Kibanda cha video na kiti cha magurudumu: Kizingiti kiko wapi?

JUA linapozama upande wa Masasi, vijana wa Mkunya, wilayani Newala, huanza kuelekea kwenye vibanda vya video, kama wafanyavyo wenzao wa miji midogo mingi ya Tanzania. Kiingilio hutolewa mlangoni, pazia zito husogezwa, na ndani kuna runinga au projekta, mabenchi ya mbao na joto la watu waliobanana. Mashabiki wa soka wameviita vibanda hivyo "vibanda umiza", na jina hilo linatosha kueleza hali ya humo. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambacho siku hizi huitwa pia kiti mwendo, hata maumivu hayo ya benchi ni anasa, kwa sababu safari yake mara nyingi huishia mlangoni.

Mjadala kuhusu watu wenye ulemavu na majumba ya sinema, pale unapokuwapo, huhusishwa na Dar es Salaam na kumbi za kisasa kama Century Cinemax ya Mlimani City. Ni mjadala wa haki, lakini unaacha nje sehemu kubwa ya watazamaji. Katika Uwanda wa Makonde sinema ni kibanda. Hapo ndipo zilipotazamwa filamu za Kihindi na za Kichina zilizotafsiriwa kwa sauti na watu kama Lufufu, hapo ndipo zilipopendwa kazi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki dunia Aprili 2012, na hapo ndipo Simba na Yanga hutazamwa kwa kelele ambazo sebule ya nyumbani haina. Anayekosa kuingia hukosa filamu, na hukosa pia mazungumzo ya kesho yake kijiweni.

Kwamba jambo hili ni haki, si hisani, limekwisha kuandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inahusu kufikika kwa majengo, barabara na huduma kwa ujumla. Ibara ya 30 inakwenda mbali zaidi: inazitaja kumbi za sinema kwa jina, pamoja na majumba ya michezo ya kuigiza, makumbusho na maktaba, kuwa ni mahali ambapo mtu mwenye ulemavu anastahili kufika sawa na wengine. Mwaka uliofuata, Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayowapa watu hao haki ya mazingira yasiyo na vikwazo katika maeneo ya umma. Wanaohusika si wachache. Utafiti wa mwaka 2008 ulikadiria kiwango cha ulemavu nchini kuwa asilimia 7.8, na Sensa ya mwaka 2022 ikaonesha asilimia 11.2. Si wote wanaotumia viti vya magurudumu, lakini kizingiti kinachomzuia mwenye kiti humzuia pia mzee mwenye mkongojo.

Historia ya sinema nchini haikuwa na nafasi kubwa kwa watu hao. Majumba ya zamani, kama Empire na Avalon ya Dar es Salaam au Majestic ya Zanzibar, yalijengwa wakati ambapo fahari ya jengo ilipimwa kwa ngazi na roshani. Isivyotarajiwa, ukumbi uliokuwa rahisi zaidi kufikika haukuwa na paa wala ngazi. Ni ule wa Drive-in wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1966, ambako mtazamaji alibaki ndani ya gari lake na kuitazama filamu kupitia kioo cha mbele. Aliyeshindwa kupanda ngazi hakuwa na ngazi ya kupanda, alimradi awe na gari au jamaa mwenye gari. Ukumbi huo haupo tena. Eneo lake ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani tangu mwaka 2003.

Wala kumbi za kisasa hazikulimaliza tatizo zilipokuja na lifti. Viti vyake hupangwa kwa ngazi kama jukwaa la uwanja wa mpira ili kichwa cha aliye mbele kisimzuie aliye nyuma. Mpangilio huo ni neema kwa anayetembea. Mwenye kiti cha magurudumu, asiyeweza kupanda ngazi hizo, hujikuta kwenye safu za mbele, chini kabisa, shingo ikiwa imekunjwa kuelekea juu muda wote. Nchini Marekani shauri la namna hiyo lilifika mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya majimbo ya magharibi iliamua dhidi ya kampuni ya Regal Cinemas. Mahakama ilieleza kuwa haitoshi mtu asiwe na kitu kinachomkinga macho. Pembe anayotazamia nayo lazima ilingane na ile wanayopata watazamaji wengine.

Hapo ndipo kibanda cha Mkunya, pamoja na umaskini wake wote, kinapokuwa na nafuu isiyotarajiwa. Hakina ghorofa, hakina jukwaa, na sakafu yake ni tambarare. Vikwazo vyake ni vidogo na vinahesabika.

Cha kwanza kipo nje. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, na kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele huzama ndani yake. Mafundi wa viti wanalijua hilo kwa miaka mingi. Mafunzo yaliyotolewa katika chuo cha TATCOT, mjini Moshi, yalihusu pia viti vya magurudumu matatu vyenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, vinavyohimili njia mbaya. Lakini mwenye kibanda hahitaji kusubiri kiti kipya kitoke Moshi. Mita chache za udongo ulioshindiliwa na kokoto, au matofali yaliyolazwa kutoka barabarani hadi mlangoni, humaliza sehemu kubwa ya kazi.

Cha pili ni kizingiti. Kipimo kinachotumika duniani kote kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8, na kilicho mara mbili ya hapo kinahitaji mita 3.6. Kosa linalofanyika mara kwa mara, hata kwenye ofisi zenye fedha, ni kumwaga zege fupi lenye mwinuko mkali, ambalo mtu hawezi kulipanda bila kusukumwa na ambalo wakati wa kushuka humwangusha kifudifudi. Mteremko wa aina hiyo ni wa kupigwa picha tu.

Cha tatu ni mlango. Kiti cha kawaida hupita vizuri kwenye uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo wengi huitegemea kwa safari ndefu, ni ndefu na pana mno kwa kibanda, hivyo mwenye nayo huhitaji pahali salama pa kuiacha nje na benchi la karibu la kuhamia. Kumbeba mtu mgongoni hadi ndani, kama inavyofanyika mara nyingi kwa nia njema, kuna gharama yake: akishaingia, hawezi kutoka mpaka aliyembeba aridhie kuondoka, hata kama ni kwa haja ndogo tu.

Kikwazo kigumu zaidi, hata hivyo, hakihusu zege. Ni suala la akae wapi. Katika vibanda vingi watoto hukaa chini mbele, watu wazima kwenye mabenchi, na waliochelewa husimama nyuma. Kiti cha magurudumu kikiwekwa nyuma, mwenyewe hutazama migongo. Kikiwekwa mbele kabisa kwenye kona, atakuwa wa mwisho kutoka iwapo nyaya za umeme au jenereta vitashika moto, na vibanda vyenye mlango mmoja si vichache. Mahali panapofaa ni pembeni mwa safu ya katikati, karibu na njia ya kutokea, penye uwazi wa takriban sentimita 90 kwa 120, na benchi la ndugu au rafiki likiwa ubavuni. Hata hapo, goli likifungwa ukumbi mzima husimama. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu yako kiasi cha sentimita 110 hadi 130 kutoka sakafuni. Yeye hulijua goli kwa mayowe, kisha hulitazama kwenye marudio. Kuiinua runinga ukutani kwa nusu mita hupunguza adha hiyo, na huwafaa pia wafupi wote.

Wenye vibanda wana hoja yao, nayo haipaswi kudharauliwa. Nafasi ya kiti kimoja ni sawa na ya watu wawili kwenye benchi, na katika msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa baada ya minada na vibanda kufurika, nafasi hiyo ni fedha. Lakini usiku mwingi wa mwaka mabenchi hayajai, na benchi moja fupi linaloweza kuondolewa hutatua mgogoro huo. Kumtoza mwenye kiti viingilio viwili itakuwa kichekesho, kwani yeye ndiye mteja pekee anayekuja na kiti chake.

Msukumo wa kisheria unaweza kupitia mlango ambao tayari upo. Maonesho ya filamu yalikwisha kuwekewa utaratibu wa vibali na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, iliyoanzisha pia bodi za mikoa na wilaya. Sheria hiyo ilitungwa zaidi ya miongo mitatu kabla ya ile ya watu wenye ulemavu, na mazungumzo kuhusu vibanda yamezoea kuishia kwenye maadili ya filamu na watoto wa shule. Ofisa anayekagua kibanda kabla ya kutoa kibali anaweza pia kubeba futi ya kupimia upana wa mlango na urefu wa mteremko. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2003 iliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha.

Upo pia uwezekano wa watu wenye ulemavu kuwa wamiliki badala ya kusubiri nje ya pazia. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia mbili kati ya hizo ni fungu la watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Runinga kubwa, king'amuzi, jenereta na mabati ni mtaji unaoweza kuombwa humo, na kikundi kitakachojenga kibanda chake kwa fedha hizo kinaweza kuupima mlango kabla fundi hajaanza kupanga matofali.